Saa ya Tunduma, Saa ya Nakonde

Mwezi uliopita nilialikwa Mbeya kwenye sherehe ya kumuaga Dokta Lukosi, ambaye anastaafu. Nilikwenda kwa sababu mtu akikualika unakwenda, na pia, niseme ukweli, nilitaka kuona amezeekaje. Ukumbi ulipambwa kwa vitambaa vya bluu, tukala pilau na kuku, tukanywa soda, kisha mshereheshaji mwenye koti la kumetameta akaanza kusoma visa vya kuchekesha kutoka katika kazi za Dokta. Kisa cha tatu kilikuwa changu. Eti zamani, katika ule mradi wa utafiti wa kupima mwenendo wa kompyuta na mitandao mikoani, walimwajiri dada mmoja kule Tunduma asiyejua kusoma saa, naye akaandika karibu mwaka mzima saa zisizo zenyewe, na Dokta kwa uvumilivu wake akazirekebisha moja moja. Watu wakacheka mpaka wakagonga meza. Dokta naye akacheka, akaninyooshea mkono kule nilikokaa, na wote wakageuka kunitazama. Nikasimama nikasema, "Haikuwa hivyo." Mama mmoja niliyekaa naye akanivuta kitenge, akaninong'oneza, "Kaa, mdogo wangu, huo ni utani tu." Nikakaa. Nimefanya mambo mengi ya kijinga maishani, lakini kule kukaa kumeniuma kuliko yote, maana nilikaa nikiwa na miaka hamsini na miwani puani, wakati nilipokuwa na ishirini na saba niliwahi kukataa kukaa.

Kwa hiyo naandika. Ripoti ya mradi ule bado ipo, nimeiona kwa macho yangu maktabani, na chini ya jedwali la Tunduma kuna mstari wa herufi ndogo unaosema kwamba kumbukumbu za mkono za kituo hicho zimepunguzwa saa moja kutokana na kosa la mwandishi. Mwandishi ndiye mimi, Neema Silwimba. Jina langu halimo katika ripoti, limo kosa tu. Sina nia ya kumtukana mtu. Dokta alinifundisha mengi, na mpaka leo riziki yangu naipata kwa kufunga na kutunza mitandao ya ofisi za watu, kazi niliyoionja kwanza mikononi mwake. Lakini saa zangu zilikuwa sahihi. Nitaeleza taratibu ili hata asiyewahi kugusa kompyuta aelewe, kisha anayetaka kucheka na acheke.

Tulifanyia kazi katika ofisi ya Mzee Sichone, wakala wa forodha, hatua chache kutoka barabara kuu inayonyooka hadi getini, na ukishapita geti uko Nakonde, Zambia. Wakati huo bado tulikuwa Mkoa wa Mbeya. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha ya nondo, meza nne, benchi la madereva wanaosubiri karatasi zao, na vumbi lililoingia hata ukifunga kila kitu. Juu ya paa Mzee alikuwa amefunga dishi la intaneti ya setilaiti, akijivuna nalo sana, na kwa kweli lilikuwa moja kati ya madishi machache mjini. Ukutani zilitundikwa saa mbili. Ya kushoto ilikuwa ya Tanzania, ya kulia ya Zambia, iliyo nyuma yetu kwa saa nzima. Wageni walizishangaa, sisi tulikuwa hatuzioni tena. Pale Tunduma mtu akikwambia mkutane saa nne unamuuliza, "Ya huku au ya kule?" naye anakujibu bila kuinua kichwa. Ba Mutale (hiyo Ba ni heshima ya Kibemba), mama wa Nakonde aliyevuka kila siku kutupikia katika jiko la nyuma ya ofisi, alipenda kututania kwamba ametupikia mchana mapema mno, kwao watu ndiyo kwanza wanamaliza chai. "Mulishani, mukwai," alisalimia akiingia na sufuria zake, na kabla hajaziweka chini alikuwa ameshaanza kulalamikia foleni ya malori, bei ya mafuta ya kupikia na mume wa dada yake, kwa Kibemba, Kiswahili na Kiingereza, vyote katika sentensi moja.

Kompyuta ya Mzee ilifuata saa ya Nakonde, na sababu yake ilijulikana mpaka na wabeba mizigo. Siku moja alichapa karatasi saa nne ya kwetu akavuka nayo mbio, karani wa ng'ambo akaitazama, akatazama saa yake, akamwambia, "Karatasi yako imeandikwa saa nne, na sasa hivi ni saa tatu na dakika ishirini. Nenda nayo, uirudishe ikishaandikwa." Mzee akarudi amenuna, akageuza saa ya kompyuta, akatutangazia kwamba atakayeigusa tena atafute kazi kwingine. Hapo hapo jambo likaisha. Hakuna aliyelizungumzia tena, kama vile usivyozungumzia mlango wa nyumba yako unafungukia upande gani.

Dokta Lukosi alifika mwezi wa kwanza akitafuta pa kuweka kituo. Chuo chake kilitaka kujua mitandao ya miji ya pembeni inafanya kazi namna gani kweli kweli, achilia mbali matangazo ya wauzaji. Njia yenyewe ilikuwa rahisi. Programu iliyowekwa kwenye mashine yetu inatuma ujumbe mdogo mpaka kwenye seva kuu, yaani kompyuta kubwa ya chuoni, seva inajibu kwamba ipo, na programu inaandika jibu limechukua muda gani kurudi na ni jumbe ngapi zimepotelea njiani. Mimi nilikuwa karani wa Mzee, mwenye cheti cha miezi mitatu cha kompyuta na mwandiko mzuri, basi Dokta akanichagua. Alinipa kaunta buku jipya lenye jalada gumu, akanichorea mistari: saa, muda wa jibu, jumbe zilizopotea, maelezo. Kila saa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, nipime mwenyewe na kuandika. "Mashine itaandika namba," alisema, "wewe utaandika sababu. Umeme, mvua, watu wangapi wanatumia, chochote unachokiona. Namba bila sababu haitusaidii." Nilimpenda kwa maneno yale. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba ninachokiona kinahitajika mahali fulani.

Siku hiyo ya kufunga programu Ba Mutale alileta ugali wa kwao, laini kuliko wetu, dagaa na mboga iliyoungwa kwa karanga. Dokta alikula kama mtu aliyetoka mfungoni. Alikuwa na fomu pembeni ya sahani, anaweka alama za vema kwenye visanduku kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukimega. Alipofika kwenye saa ya mashine akasogea kuibadilisha, na Mzee akamdaka, "Dokta, hapo usiguse. Hiyo ni saa ya Nakonde, utaniharibia kazi." Dokta akacheka. "Haya Mzee, hiyo nitairekebisha kwenye seva nikifika chuoni. Mama, naomba mboga kidogo." Ba Mutale akampakulia. Akaweka vema, akasaini, akamaliza sahani, akaondoka. Niliyasikia hayo nikiwa nimekaa mbele yake nimeshika bakuli la dagaa, umbali wa mkono mmoja. Sikuhadithiwa na mtu.

Nikaanza kupima. Wiki za kwanza nilijiona nachekesha, kila saa ikigonga naacha manifesti za mizigo ya watu nakimbilia kwenye kompyuta, na madereva kwenye benchi wakauliza, "Dada anamngoja nani huko kwenye kioo?" Mzee aliwajibu, "Mchumba wake yuko setilaiti." Lakini baada ya miezi miwili nilianza kuuona mji kwa namna nyingine. Asubuhi jibu lilirudi upesi, kama nusu sekunde na kidogo. Kuanzia saa tisa alasiri lilianza kuvuta miguu, na saa kumi jioni, siku zote za kazi, mtandao ulikaribia kufa, kwa sababu hiyo ndiyo saa mawakala wanarudi kutoka ng'ambo na karatasi zao na kila mmoja anataka zitumwe kabla ofisi hazijafungwa. Watu waliokuwa wanalalamika kwamba intaneti ya Tunduma ni mbovu hawakujua ni mbovu lini. Mimi nilijua. Nilijua kwamba mvua ya mawe inakata kabisa ila manyunyu hayana neno, kwamba stebulaiza yetu ya umeme inachoka mashine ya kusaga ya jirani inapowashwa, kwamba Jumamosi tunapumua. Yote niliyaandika, na saa niliyoandika ilikuwa ya ukutani, ya kushoto. Dokta alikuwa ameniambia vituo vyote sita vinaandika saa ya Tanzania, na mimi ni Mtanzania, kwa hiyo sikuona cha kuuliza.

Mwezi wa kumi nikaitwa Mbeya. Nikadhani wanataka kunipongeza, nikavaa gauni la kanisani. Nilipokewa na kijana anaitwa Baraka, mtakwimu wa mradi, mpole, mwenye tai iliyolegea, akanimiminia chai na kunisogezea maandazi, kisha akatandaza karatasi za printa meza nzima. Dokta alikaa upande wa dirishani. Baraka akasema, "Dada, hatuelewi. Kitabu chako na mashine yako havipatani hata mstari mmoja. Wewe unasema umeme ulikatika saa tano, mashine inasema ilizimika saa nne. Unasema mtandao unazidiwa saa kumi, mashine inasema saa tisa. Kila siku, saa moja kamili." Mimi nikacheka, tena kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu jambo lilikuwa dogo. "Si hiyo saa ya Nakonde? Mashine ya Mzee iko kwenye saa ya Nakonde." Hakuna aliyecheka. Baraka akauliza kwa nini sikuwahi kusema. Nikamwambia nilidhani wanajua. Na hapa nakiri, kama kuna kosa langu katika habari hii basi ni hilo, sikuandika kwenye jalada kwamba mashine hii inafuata saa ya ng'ambo. Ni kosa ambalo mtu wa Tunduma peke yake angelifanya. Lakini ni kosa la kunyamaza, saa zangu hazihusiki.

Baraka akafungua faili akatoa ile fomu. Ilikuwa na vema mbele ya maneno "Saa ya mashine imelinganishwa na saa ya seva kuu," na chini sahihi ya Dokta. Akaisoma kwa sauti, akamtazama mkubwa wake. "Niliilinganisha," Dokta akasema. Nikamwambia, "Dokta, ulikuwa unakula. Ulisema utairekebisha ukifika chuoni." Akanijibu kwamba hakumbuki kitu kama hicho. Labda alikuwa hakumbuki kweli, miezi tisa ni mingi na mboga ile ilikuwa tamu. Baraka alikunja karatasi zake polepole, akiangalia meza.

Tukatoka ofisini kwao, Dokta akanishika kiwiko tukasimama penye ngazi. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mgumu. Watu wa ufadhili wangekuja baada ya wiki mbili kukagua, alisema, na wakikuta fomu inasema hivi na mashine inasema vile, vituo vyote sita vitatiliwa shaka. "Nunua kaunta buku jipya. Nakili yote, shusha saa moja kila mstari, lipatane na mashine. Wiki moja inakutosha, una mwandiko wa haraka. Nami jina lako nimeshalipendekeza kwa ile nafasi ya stashahada, mwezi wa kwanza unaingia chuoni, mradi unakugharimia." Nafasi ile nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeitamani tangu aliponitajia mara ya kwanza, nikilala naihesabu, nikiamka naihesabu. Nikamuuliza, "Na umeme uliokatika saa tano?" Akasema, "Utakuwa umekatika saa nne." "Lakini haukukatika saa nne, Dokta." Akatabasamu. "Neema, ni saa moja tu."

Njiani kurudi, tulipofika Nanyala basi likasimama kushusha abiria, nikanunua kaunta buku dukani barabarani hapo hapo, nisije nikabadili mawazo. Ndiyo, nililinunua. Sitaki mtu asome hapa akadhani nilikuwa mtakatifu. Nilitaka chuo, na saa moja tu ni saa moja tu. Ofisini niliwaeleza Mzee na Ba Mutale tulipokuwa tunakula. Mzee hakuona shida yoyote. "Andika, mwanangu, ukasome. Mimi hapa karatasi ngapi nimezichapa upya maishani? Mkubwa akitaka saa nne mpe saa nne." Ba Mutale alikuwa anachambua mboga ya kesho, akatikisa kichwa. "Awe, hapana. Huyo baba nilimpakulia mara mbili. Sahani amesahau pia?" Mzee akamwambia aache kumharibia mtoto maisha. Wakabishana mpaka ugali ukapoa, mimi nikiwa katikati, na hakuna aliyeniuliza mimi naonaje.

Nilianza kunakili kesho yake kwenye meza ya dirishani. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Saa mbili ikawa saa moja, saa tatu ikawa saa mbili, mkono unaandika kichwa kiko chuoni. Nilipougeuza nikaanza kusoma maelezo mbele zaidi ili nijue yatakayonisumbua, nikafika siku moja ya mwezi wa tano. Mstari wa saa nane mchana unasema: hakuna mtandao, lori limekatika breki likagonga nguzo ya umeme, dereva amefariki. Nikauweka mkono juu ya mstari ule. Nilimjua dereva yule kwa sura, mtu wa miraba minne mwenye sauti ndogo. Mstari wa juu yake, wa saa saba, unasema watu wanne wanatumia mtandao, jibu linarudi vizuri. Lakini mimi najua kilichokuwepo saa saba ambacho sikukiandika. Saa saba alikuwa amekaa kwenye benchi letu anakula wali wa mchele wa Kamsamba na maharage, akamwomba Ba Mutale amwongezee mchuzi, akamsifia kwamba mchele huu hata kwao hakuna. Nikishusha saa moja, nimemuua mtu yule kijiko kiko mkononi. Wala hakuna ambaye angejua. Wafadhili wasingejua, Baraka asingejua, mjane wake hatasoma ripoti ya mitandao. Mimi ningejua. Nilimkasirikia Dokta siku ile kuliko siku nyingine yoyote, kwa sababu ndiye aliyeniambia niandike sababu, na sasa anataka sababu zihame ili namba ikae vizuri. Nikachana ukurasa nilioandika, kitabu kipya kikabaki cheupe.

Wiki ile ilipoisha Dokta alikuja mwenyewe na gari la chuo. Mzee alimtolea kiti chake, akanikonyeza nivute kingine. Nikasema nimesimama vizuri. Nikaweka mezani vitabu viwili, cha zamani kilichojaa na kipya kitupu. Dokta akakifungua kipya, akapindua kurasa tatu, nne, akakifunga. "Kaa tuzungumze, Neema." "Sikai, Dokta." Akatoa karatasi mfukoni iliyokwisha kuchapwa, inayosema kwamba mimi mwandishi wa kituo nilichanganya saa kwa kutoelewa maelekezo. "Basi kama hutaki kunakili, saini hapa. Nitashusha mwenyewe, wewe hutaandika hata mstari. Chuo bado kipo." Nikamwambia, "Niliyaelewa maelekezo. Ulisema niandike ninachokiona." Mzee akaniita jina langu kwa sauti ya kuonya. Sikugeuka. Nikamwambia Dokta, "Saa ya mashine ipo nyuma yako kwenye kioo. Saa yako iko mkononi. Geuka tu uangalie, halafu nitasaini unachotaka."

Hakugeuka. Hilo nitalisema mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya yule mshereheshaji na koti lake. Mtu mwenye shahada ya udaktari, aliyesafiri kutoka Mbeya, hakugeuza shingo. Alisema hana muda wa mchezo. Akaagiza kitabu changu kipelekwe kikatolewe kopi dukani, akachukua kopi, kwa kuwa chenyewe niliking'ang'ania, na akiwa mlangoni akasema kazi yangu ya mradi imeisha leo, nisipime tena, na nafasi ya chuo atapewa mtu wa kituo kingine. Gari likaondoka. Mzee akasema, "Haya. Umeshinda nini sasa?" Nililia jikoni kwa Ba Mutale, nyuma ya ofisi, nikiwa nimekalia gunia la mkaa, kilio kibaya cha kamasi. Yeye aliendelea kukoroga sufuria. Baadaye akanipa ukoko wa wali, akanimwagia mchuzi juu yake, nikala.

Kesho yake saa moja asubuhi nikapima. Sikupanga. Saa ya kushoto iligonga, miguu ikaenda, na programu bado ilikuwa kwenye mashine kwa sababu mashine ni ya Mzee. Nikaandika: jibu zuri, mawingu, watu wawili. Saa mbili nikapima tena. Mzee akaniuliza nampimia nani, nikamwambia mwaka una miezi kumi na miwili na mimi nimepima tisa na nusu. Akasonya, lakini mchana alipomwona wakala mmoja amekalia kompyuta saa ya kupima imekaribia, alimwinua mwenyewe. "Mpishe binti, ana kazi yake." Nilipima mwezi wa kumi na mmoja wote. Nilikuwa nimeshajua kwamba hakuna atakayezisoma namba zile. Niliziandika kwa hasira, na mwandiko wa miezi ile ukiutazama leo umekandamizwa mpaka unasikika kwa kidole upande wa pili wa karatasi.

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili, Jumamosi asubuhi, akaingia Baraka. Hakuwa na tai wala gari la chuo, amekuja kwa basi, viatu vyake vina tope la stendi. Akamwamkia Mzee, akanisalimia, akasema yuko likizo na hakuna aliyemtuma. Nikamwonyesha benchi. Hakusema amefuata nini, nami sikumuuliza. Ba Mutale alimpa chai, akamsimulia habari zote za mume wa dada yake, na Baraka akaitikia kwa adabu bila kuelewa hata nusu. Saa ya kushoto ilipofika saa nne nikasimama nikaenda kupima, na nikasikia naye amenifuata, amesimama nyuma ya bega langu. Jibu likarudi. Kwenye kona ya kioo mashine iliandika saa tatu kamili. Baraka akaangalia kioo. Akainua mkono akaangalia saa yake, akageuka akaangalia zile mbili za ukutani, akarudi tena kwenye kioo. Nikaandika mstari wangu: saa nne, jibu zuri, hakuna kilichopotea, jua, mtu mmoja anatumia, mgeni yupo.

"Dada," akasema taratibu, "ripoti imeshakwenda kuchapwa. Mstari wa kosa la mwandishi umo. Mimi ni mdogo pale, siwezi kuwabadilisha." Alikuwa amekunja uso kama mtu anayeumwa jino, na nilimwonea huruma, nami sikuwa na huruma nyingi mwaka ule. Nikamwambia, "Sijakuomba uwabadilishe, mdogo wangu. Umeona au hukuona?" Akasema ameona. Nikageuza kaunta buku upande wake, nikampa kalamu, nikamwekea kidole pembeni ya mstari wa saa nne pale palipobaki nafasi. Alisita. Mzee alikuwa ameacha kugonga mihuri, na Ba Mutale amesimama mlangoni na sufuria yake. Kisha Baraka akainama akaandika jina lake lote, akaandika "nimeshuhudia," na mbele yake saa: saa nne ya Tanzania. Akasaini.

Aliendelea kusimama pale akiusoma mstari ule, anapindua kurasa nyuma, anasoma maelezo ya mwezi wa tano, wa sita, wa saba, bila haraka, mpaka nikamgusa bega.

"Sogea kidogo," nikamwambia. "Saa tano imefika, unanizibia kioo."